Wapendwa tunakwenda kazi ya injili Malawi mwezi wa saba: kipi kiingie kwenye begi, kipi kibaki nyumbani?

Katibu wa Safari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wakuu wa jukwaa ambao si wa imani yetu karibuni pia, maana maswali mengine ni ya mpaka na magari tu.

Usharika wetu hapa Dar una timu ya watu 22, wengi vijana, wazee wa kanisa wachache na akina mama wawili. Mwezi wa saba tunakwenda wilaya ya Rumphi, kaskazini mwa Malawi, kwa wiki mbili. Kazi ni kuezeka kanisa la usharika mchanga ambalo kuta zimeshasimama, semina ya watoto, na siku mbili za kupima afya. Wenyeji ni Walutheri wenzetu. Kwa wasiojua, Kanisa la Kilutheri Malawi lilianza rasmi 1982, na chimbuko lake ni Wamalawi waliokutana na Ulutheri huku kwetu Tanzania. Ni kama tunakwenda kwa mdogo wetu.

Tumekodi Coaster, kupitia Mbeya, Tukuyu, hadi mpakani Kasumulu. Sasa kamati imetoa orodha ya vitu vya kubeba na mimi kama katibu roho inasita. Humo kuna mchele na unga kilo 200, magunia matatu ya mitumba, mabati 80 yanunuliwe Dar, boksi la dawa ambazo dada mmoja amezichangisha kwenye maduka ya dawa, Biblia za Kiswahili, jenereta, na kila mtu begi lake pamoja na godoro.

Hiyo Coaster itapanda Kitonga kweli? Naomba waliopita njia hii au wanaoishi huko wanishauri kabla ya kikao cha Jumamosi.

Mtoto wa Mbagala

Mkuu mnakwenda kuhubiri au mnahama?

Dereva wa Lori Kyela

Katibu, mimi nalala Kasumulu kuliko ninavyolala kwangu, ngoja nikueleze ya barabarani, ya kiroho watakuja wenye nayo.

Kwanza chakula. Futa mchele na unga leo hii. Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kuingiza mchele, unga, ndizi, tangawizi na mahindi, Tanzania nayo ikajibu mwezi wa nne kwa kufungia mazao yao, magari yakakwama, ndizi zikaiva na kuoza pale pale. Wakubwa walikaa wakamaliza upande wetu ukafungua, lakini mzigo wa chakula pale bado ni jambo la kuulizwa maswali. Mkate na mayai ya kuchemsha ya kula njiani hakuna atakayekugusa. Kilo 200 ni biashara, na hata ukisema ni sadaka, ofisa wa forodha hana safu ya sadaka kwenye fomu yake.

Mabati 80 vilevile. Hayo si mizigo ya abiria, ni shehena. Utahitaji wakala wa forodha, utalipia, na mtalala mpakani mkiimba mapambio mpaka yaishe.

Pili, gari. Mwambie mwenye Coaster akate kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya magari ya kuvuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini kwenye mpango wa kadi hiyo bado tumo, inapatikana kwa makampuni ya bima ya hapa hapa. Msiichanganye na kadi ya njano ya chanjo, mwaka fulani niliwahi kukuta dereva wa abiria anamwonyesha trafiki wa Karonga cheti cha homa ya manjano. Aje na kadi halisi ya gari, na kama gari si lake, barua ya mwenye gari.

Tatu, mafuta. Malawi kwa miaka hii ya karibuni foleni za mafuta ni jambo la kawaida, dola zikikosekana nchini na vituo vinakauka. Jazeni tangi Kyela. Madumu ya mafuta ndani ya gari la abiria msithubutu.

Kitonga mtapanda. Mlima wenu wa kuogopa ni Chiweta, pale barabara inapoacha ziwa na kupanda. Wanaotapika wakae mbele na kila mmoja awe na mfuko wake. Na mifuko yenyewe isiwe Rambo, maana mkirudi nayo huku mnaijua sheria ya Juni 2019.

Binti Sayuni

Jamani mimi ni mmoja wa hiyo timu 😂 hayo mapambio tutayaimba kweli. Swali: pasipoti lazima au hata hati ya dharura inatosha? Na viza?

Dereva wa Lori Kyela

@Binti Sayuni Viza Mtanzania hahitaji. Pasipoti ndiyo ya kutegemea, hati ya dharura ni ya dharura kama ilivyo jina lake, nenda Uhamiaji ukaulize mapema usisubiri wiki ya safari. Piga nakala mbili za ukurasa wa picha, moja abaki nayo katibu. Cheti cha homa ya manjano beba. Kama ulishachanja zamani usidanganywe kwamba kimeisha muda, tangu 2016 kinatambuliwa maisha yote. Kama hujachanja, chanja mapema maana kinahesabika halali baada ya siku kumi.

Na mkiulizwa mpakani mnakwenda kufanya nini, semeni kilichoandikwa kwenye barua ya mwaliko. Barua hiyo awe nayo kila mtu, si nakala moja kwa mchungaji. Nimeona kikundi mmoja kasema "utalii", mwingine "kazi", wa tatu "ndugu yangu anaumwa". Walikaa pale hadi jua likazama.

Mbongo wa Mzuzu

Bwana asifiwe. Mimi Mtanzania, nafanya biashara Mzuzu miaka mingi sasa, na Rumphi ni jirani. Nashukuru katibu umeuliza kabla, wengi huuliza wakiwa wameshafika.

Nianze na baridi kwa sababu kila timu ya Dar inayokuja mwezi wa sita na wa saba inakuja na fulana za kamba moja. Mkivuka mpaka mtafika Karonga, kando ya ziwa, joto kama Kyela, mtasema huyu Mbongo katudanganya. Mkishapanda Chiweta mambo yanageuka. Mzuzu asubuhi watu wanavaa makoti. Uwanda wa Nyika, ambao uko hapo hapo juu ya Rumphi, miezi hiyo barafu ya asubuhi kwenye majani ni kitu cha kawaida. Kwa hiyo kila mtu: sweta zito moja, koti la kuzuia upepo, soksi, kofia ya kufunika masikio, na blanketi. Godoro acheni, wenyeji watatafuta mikeka na magodoro, ni fahari yao kukulaza. Blanketi la kwako ndilo litakuokoa. Mtu wa Dar akilala na shuka moja Rumphi mwezi wa saba, siku ya tatu anaomba kurudi kwao.

Mitumba. Naomba nisieleweke vibaya. Malawi mitumba inaitwa kaunjika na imejaa kila soko, kuanzia Karonga mpaka Nsanje. Mkileta magunia matatu mtafanya mambo mawili: mtamharibia wiki mama anayeuza kaunjika pale sokoni, na mtamwachia mchungaji mwenyeji kazi ya kugawa, agawe vipi, nani apate nani akose, na ninyi mkiondoka lawama zinabaki kwake. Ugomvi wa koti moja unaweza kumaliza mwaka kwenye usharika mchanga. Mkitaka kusaidia nguo, ulizeni kama kwaya ina sare. Kama haina, wapeni fedha ya kitambaa na fundi cherehani wa pale pale ashone.

Bati zinauzwa Mzuzu. Mbao ndiyo usiseme, tuko jirani na msitu wa kupandwa wa Viphya, Chikangawa, paini ya kumwaga. Lakini hapa kuna jambo la kufikiria. Bei za vitu vya kiwandani hapa hazitulii. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo bati na saruji bei ya Januari si bei ya Aprili. Msije na bajeti ya mwaka jana. Mwambieni mchungaji mwenyeji achukue ankara kwenye maduka mawili au matatu mwezi huu, mtume fedha kwa benki kwenye akaunti ya kanisa, wanunue na kufunga stoo kabla hamjafika. Msibebe fedha ya bati mfukoni. Noti kubwa hapa ni kwacha 5,000, ilitoka 2022, na thamani yake ni kama dola tatu tu. Fedha ya kuezeka kanisa kwa noti hizo inajaza begi la shule. Mtatembeaje nayo?

Kwa matumizi ya njiani badilisheni kidogo tu, wawili wawili, mmoja anahesabu mwingine anaangalia. Pale mpakani kuna vijana wana vidole vyepesi, noti ya katikati inakunjwa inahesabiwa mara mbili.

Simu: laini za hapa ni Airtel na TNM, mnasajili kwa pasipoti. Nunueni laini tatu nne kwa timu nzima inatosha. Plagi ni zile zile za pini tatu bapa kama nyumbani, msinunue vifaa vya kubadilishia. Ila kijijini umeme huenda usiwepo kabisa.

Na saa! Malawi iko nyuma ya Dar kwa saa moja, na hapa hawahesabu saa kama sisi. Ukiambiwa ibada ni 8 koloko, ni saa mbili asubuhi ya hapa, na Dar ni saa tatu. Wekeni saa za mkononi sawa mpakani la sivyo mtakuwa mnafika mapema kuliko mhudumu wa kanisa.

Mtoto wa Mbagala

Kufika mapema kwenye ibada, hilo tu ni ushuhuda tosha kwa Mbongo.

Nesi Mstaafu

Nimeona "boksi la dawa" nikaweka chai chini.

Katibu, mwanangu, hilo boksi lisipande gari. Dawa zinazochangishwa madukani mara nyingi ni zile zinazokaribia kuisha muda, mwenye duka anazitoa kwa sababu baada ya miezi miwili angezitupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa ikifika nchi inayopokea iwe imebakiza angalau mwaka mmoja, iwe imeombwa na anayepokea, na iwe kwenye orodha ya dawa zinazotumika huko. Malawi wana mamlaka yao ya dawa, PMRA, kama sisi tulivyo na TMDA, na kuingiza dawa za kugawa bila kibali chao ni kosa. Huwezi kuvuka na antibiotiki za vidonge vilivyomwagwa kwenye mfuko ukasema Yesu anaponya.

Na wahudumu wenyewe. Kuwa daktari au muuguzi mwenye leseni Tanzania hakukupi ruhusa ya kutibu Malawi. Wana mabaraza yao ya madaktari na ya wauguzi, na ngazi ya wilaya kuna ofisi ya afya, wao wanaiita DHO. Mwenyeji wenu aende kwa DHO wa Rumphi na barua, aeleze mnataka kufanya nini. Mara nyingi jibu litakuwa: njooni, mfanye pamoja na wahudumu wa kituo cha afya cha hapo, wao ndio waandike dawa. Hilo ndilo jema, maana mtu mkimkuta na presha ya kutisha siku ya Jumanne, Jumatano wiki inayofuata ninyi mko Dar. Atafuatwa na nani?

Kwa hiyo kwenye begi la afya wekeni mashine mbili za presha na betri zake, mizani, kipimo cha sukari na vijiti vyake ambavyo havijaisha muda, glavu, sabuni na daftari. Huyo dada aliyechangisha msimvunje moyo, apewe yeye kazi ya kusimamia begi hili.

Sasa afya yenu wenyewe. Chandarua kila mtu, hasa kama mtalala Karonga kwenda au kurudi. Dawa ya kupaka ya mbu. ORS, ile chumvichumvi ya kunywa mtu akiharisha. Malawi walipata kipindupindu kibaya kuliko chote katika historia yao mwaka 2022 na 2023, zaidi ya watu 1,700 walikufa, kwa hiyo maji ni ya kuchemsha au ya kuwekewa dawa, na ndoo yenye koki ya kunawia inunuliwe huko huko ibaki kanisani. Mkishuka ziwani vijana wataomba kuogelea. Ziwa lile lina kichocho kwenye fukwe nyingi. Atakayeingia aandikwe jina, na baada ya miezi miwili hivi akapime na kupewa dawa hapa nyumbani. Kumeza siku hiyo hiyo ya kutoka majini hakusaidii sana, wadudu bado wachanga.

Wenye dawa za kila siku, nawaomba mnisome vizuri. Dawa ya presha, sukari, kifafa, na zile za CTC (kliniki ya VVU), bebeni za safari nzima na wiki moja ya ziada, maana gari linaweza kuharibika Makambako. Zikae kwenye begi dogo la mkononi, si juu ya keria. Ziwe kwenye kopo lake lenye jina lako na barua ya kliniki. Wa insulini aje na chupa ya chai yenye maji ya baridi. Na katibu, usipitishe karatasi kwenye kikundi cha WhatsApp eti kila mtu aandike ugonjwa wake. Mteue mtu mmoja mwenye kifua, watu wamfuate faragha. Nimeona binti akiacha dawa nyumbani wiki nzima kwa sababu alijua watalala chumba kimoja na watu wasioweza kunyamaza.

Katibu wa Safari

Mama, hilo la mwisho nilikuwa nimeshaandaa fomu 🙈 naifuta sasa hivi. Ubarikiwe.

Hesabu Kwanza

Mniwie radhi, mimi ni mkristo lakini nitasema. Coaster, mafuta, posho, pasipoti za watu 22. Hizo fedha zikitumwa huko zinaezeka kanisa na choo juu. Wamalawi hawana mafundi wa kupigilia bati? Mnakwenda kupiga picha na watoto, mnarudi mnatoa ushuhuda madhabahuni. Begi bora ni lile linalobaki nyumbani, tumeni fedha.

Mbongo wa Mzuzu

@Hesabu Kwanza nusu ya maneno yako ni kweli na nimeyaona kwa macho. Mafundi wapo, wazuri. Lakini umewahi kukaa kwenye usharika wa watu arobaini uliozungukwa na makanisa makubwa ya zaidi ya miaka mia? Hapa Rumphi ndiyo nyumbani kwa Livingstonia, ile misheni ya Waskoti. Waskoti walianza Cape Maclear 1875, malaria ikawamaliza, wakahamia Bandawe 1881, kisha Dkt. Robert Laws akapandisha kituo Khondowe 1894, juu mlimani, na hospitali na shule zake zipo hadi leo. Mlutheri kule ni mgeni anayeulizwa "ninyi ni akina nani?" Siku gari la Watanzania linaposimama pale na watu wanashuka wanaimba, swali hilo linajibiwa kwa namna ambayo fedha ya benki haiwezi.

Halafu hao Waskoti ndio walikuwa na mizigo bwana. Walikuja na meli nzima ya mvuke, Ilala, imefunguliwa vipande vipande, mamia ya wapagazi wakaibeba kupita maporomoko ya mto Shire, ikaunganishwa upya ikaingia ziwani. Magunia matatu ya mitumba ni mchezo. Tofauti ni kwamba ziwani hakukuwa na duka la meli.

Hesabu Kwanza

Sawa mkuu, la kujibu "ninyi ni akina nani" nimelipokea. Lakini watu kumi wangetosha.

Katibu wa Safari

Nisiwafiche, hata kwenye kamati kuna waliosema hivyo hivyo. Mchungaji mwenyeji mwenyewe tulipomuuliza idadi alisema "njooni wote mnaoweza". Sijui kama ilikuwa adabu au ombi.

Mama wa Kitenge

Adabu, baba. Hakuna mwenyeji Mwafrika atakayekuambia punguza watu.

Nami nichangie ya akina mama kwa sababu orodha za kamati huandikwa na wanaume. Mabinti: sketi ndefu au magauni yaliyovuka magoti, na vitenge viwili vya kujifunga. Malawi enzi za Rais Banda suruali na sketi fupi kwa mwanamke zilikuwa kosa la sheria. Sheria hiyo iliondolewa miaka ya tisini mwanzoni, mjini leo utaona kila vazi, lakini kanisani kijijini jicho la bibi halijafutwa na bunge. Wenyewe wanajifunga chitenje juu ya kila kitu. Siku ya kazi valia suruali ndani, kitenge juu, ukipanda ngazi unajua cha kufanya. Kitenge kimoja kitakuwa shuka, pazia la kuogea, kibebeo cha mtoto wa watu na taulo siku taulo limelowa.

Taulo za kike bebeni za kutosha na za kumpa mwenzako. Tochi ndogo ya chooni usiku. Ndala za kuogea. Karatasi za chooni. Kitambaa cha kichwa cha ibada. Nguo za ndani nyingi kuliko unavyodhani kwa sababu baridi haikaushi.

Akina mama wawili wa jikoni msiende na sufuria zenu na unga wenu kana kwamba kule hakuna moto. Mtapikiwa nsima na usipa, ambayo ni ugali na dagaa, na kuna ile ya muhogo wanaita kondowole, inavutika, kula, shukuru. Kazi yenu ni kuingia jikoni kwao, kukaa kwenye kigoda na kumenya. Bebeni viungo: iliki, mdalasini, karafuu za Zanzibar, majani ya chai mazuri. Na doti za kanga za kuwapa mama mchungaji na wazee wa kanisa. Hapo someni maandishi jamani! Huko kaskazini wapo wengi wanaosoma Kiswahili, usije ukampa mama mchungaji kanga ya kumsuta jirani.

Binti Sayuni

😂😂😂 Mama umeniua. Ndiyo maana ile ya shangazi ilikuwa inauzwa nusu bei.

Mwana wa Rungwe

Kuhusu Biblia za Kiswahili: Karonga wanaongea Kingonde, sisi Wanyakyusa tunasikilizana nao bila mkalimani, na wafanyabiashara wengi Kiswahili wanakijua. Lakini Rumphi ni Kitumbuka. Boksi la Biblia za Kiswahili litakuwa mapambo ya kabati. Chama cha Biblia cha Malawi kina maduka, zipo za Kitumbuka na Kichewa, nunueni huko. Kwenye begi wekeni nyimbo tatu nne za Kitumbuka zilizoandikwa kwenye karatasi na mzifanyie mazoezi kwenye gari, safari ni ndefu. "Monire" ya salamu na "yewo" ya shukrani mtu ajifunze kabla ya Mikumi.

Fundi Paa

Mambo ya vifaa niachieni. Nimeezeka makanisa Mbeya, Songwe, hadi Chitipa ng'ambo.

Kosa la timu za kanisa ni kila mtu kuja na nyundo. Watu 22 juu ya paa moja ni msiba unaosubiri siku yake. Paa linataka watu sita, wanne wanaojua na wawili wa kupokea. Wengine wabebe mbao, wachimbe choo, wapige lipu, wafundishe watoto. Kwa hiyo nyundo sita za kung'olea misumari, misumeno miwili, futi kamba mbili, pima maji moja ndefu, timazi, kamba ya uzi, mikasi miwili ya bati, penseli za fundi. Mikasi ya bati nzuri usitegemee kuikuta kijijini, hiyo beba. Koleo, karai na mwiko vipo huko, acha. Jenereta acha, hiyo nayo inataka mafuta ambayo dereva kashakwambia hayapo. Msumeno wa mkono haukatiki umeme.

Kila atakayepanda: buti ngumu zenye soli isiyoteleza, glavu za ngozi, kofia ya jua. Bati jipya saa sita mchana linarudisha jua usoni, miwani ya giza si urembo hapo. Mkanda wa usalama walau miwili na kamba yake. Yeboyebo juu ya paa marufuku, hata kama una imani ya kuhamisha milima.

Vifaa vyote viandikwe kwenye karatasi, aina na idadi na namba kama ipo, mpitishe forodha ya Tanzania mkitoka wagonge mhuri. La sivyo mkirudi mtaulizwa drili mmeinunua wapi. Ila ushauri wangu msirudi navyo. Mkimaliza kazi, vifaa wakabidhiwe mafundi wa pale mbele ya baraza lao la kanisa, kwa maandishi. Na fundi mkuu awe wa kwao tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye atakayepanda mwezi wa kumi na mbili mvua ikivuja.

Mtoto wa Mbagala

Hivi simu zenyewe mtachaji wapi? Maana vijana wa siku hizi bila chaji wokovu unayumba.

Mbongo wa Mzuzu

Pawabenki moja kwa watu watatu na paneli moja ndogo ya sola kwa timu. Na picha za watoto, ombeni ruhusa kwa wazazi kwanza. Kama mna mpiga picha mmoja aliyeteuliwa, wengine wote simu zikae mfukoni wakati wa kazi. Hapo hata @Hesabu Kwanza atawabariki.

Katibu wa Safari

Wapendwa, mrejesho wa kikao.

Mchele, unga, jenereta, Biblia na magodoro vimefutwa bila ubishi. Boksi la dawa limerudi kwa dada, mwanzoni alinuna, nikamwonyesha maneno ya mama Nesi, sasa anashughulikia mashine za presha na kumfuatilia mwenyeji kuhusu DHO. Ankara za bati zimeombwa Mzuzu.

Kila mtu begi moja la mgongoni na blanketi limefungwa juu yake. Shangazi kaja mbili tu kwa timu nzima, moja ya vifaa vya fundi, moja ya watoto: penseli za rangi, karatasi, mpira na pampu yake. Tutapima kwa mizani ya mama mmoja muuza dagaa siku ya kuondoka, atakayezidi kilo 12 anashusha mbele ya watu.

Idadi tumeshuka hadi 16. Haikuwa rahisi, na waliobaki wengine hawajanisalimia tangu Jumamosi.

Mitumba bado ni kesi. Aliyeitoa ni mzee wa kanisa anayeheshimika na alishaifungasha na kuiandika "MALAWI" kwa rangi nyekundu. Baraza limesema iuzwe hapa kwa mnada baada ya ibada, fedha iingie kwenye sare za kwaya. Mzee amesema atafikiri.

Tuliyoshindwa kupata ni mikasi ya bati ya maana, na pima maji ndefu. Za Kariakoo nilizoziona ni za kukata karatasi.

Fundi Paa

Mkasi mmoja na pima maji ninazo za ziada. Nipo Uyole, mkifika nijulishe kwa ujumbe wa faragha, nitakuja pale njia inapogawanyika kwenda Tukuyu. Mkasi wa pili mwambie dereva aulize Kyela sokoni.

Dereva wa Lori Kyela

Upo, kwa yule mzee wa vifaa karibu na stendi. Mwambie nimekutuma mimi, lakini bei usikubali ya kwanza.